Bi Dalali na Nyumba za Watu

Bi Dalali hakuwa na desturi ya kuanza na nyumba. Alianza na jirani. Ukifuatana naye kwenda kuona nyumba ya kupanga, kwanza alikupitisha mlango wa pili, akabisha hodi, akasalimia mpaka salamu zikaisha, kisha akaomba maji ya kunywa. Maji yakija aliyanywa taratibu, akausifu mtungi, akaulizia watoto mmoja mmoja, na katikati ya hayo akachomeka swali lake: "Na hawa waliokuwa hapo pembeni, walihama kwa heri?" Jirani akijibu moja kwa moja, basi twende tukaone nyumba. Jirani akiinamisha macho na kusema yeye hana la kusema, Bi Dalali alirudisha kikombe, akashukuru, na nyumba ile hukusikia habari zake tena.

Wageni wengi walidhani anapoteza muda. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilisimama nyuma yake juani, nimemshika mama yangu mkono, nikajiuliza huyu mama amekuja kututafutia nyumba au amekuja kunywa maji.

Alikuwa mfupi, mwenye hatua za haraka, buibui lake limepauka mabegani kwa jua. Nilipomjua alikuwa na miaka hamsini na kitu, na kwa maneno yake mwenyewe umri huo haukusogea miaka yote tuliyokaa Bagamoyo. Kwapani alibeba mkoba wa ukindu wenye funguo zilizofungwa vitambaa vya rangi rangi, kila rangi na nyumba yake, tochi, na gololi moja ya kioo. Gololi aliiweka katikati ya chumba na kuitazama inaelekea wapi. Ikibingirika mpaka ukutani alisema sakafu imekaa vibaya, maji ya kudekia yatakusanyika kona ile, na kona ile itanuka. Mji mzima ulimwita Bi Dalali, wakubwa kwa wadogo, na yeye aliitika kama vile ndilo jina aliloadhiniwa nalo.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilipata kazi ya upishi katika hoteli ndogo ya ufukweni Bagamoyo wakati talaka yangu ilikuwa bado mbichi, na mama yangu akasema haniachi niende nchi ya watu peke yangu. Mama ana pumu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nilitaka nyumba iwe tayari, afike apumzike. Nikampata dalali kwa njia ya simu, mwanamume mwenye sauti nzuri, aliyeniita dada katika kila sentensi. Alinitumia picha za nyumba yenye kibaraza kipana na mwarobaini mbele yake. Tulizungumza kwa Kiswahili, tukacheka kwa Kiswahili, tukaulizana habari za wazee. Nikatuma malipo ya mwanzo. Nilijiambia kwamba wanaoibiwa ugenini ni wale wasiojua lugha.

Alfajiri tulivuka mpaka, tukashuka Msata, tukapata gari la Bagamoyo, na saa saba mchana bajaji ikatushusha mbele ya nyumba ileile ya kwenye picha. Mwarobaini ulikuwepo. Kibaraza kilikuwepo. Na juu ya kibaraza ilikuwepo familia nzima kwenye mkeka, wanakula wali na kibua wa kukaanga.

"Karibuni, karibuni," alisema baba mwenye nyumba, hata kabla hajajua sisi ni nani. Mkewe alikuwa ameshasogea kutupa nafasi.

Tulikaa tukala, maana kukataa kungekuwa tusi. Sahani zilipofika nusu nikatoa simu nikamwonyesha yule baba. Akaitazama picha ya nyumba yake mwenyewe, akamwonyesha mkewe. Mkewe alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Kisha akamwona mama yangu, namna kifua chake kilivyokuwa kinapanda na kushuka, akaacha kucheka hapo hapo. "Mwiteni Bi Dalali," akasema.

Alikuja na mkoba wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye ukingo wa kibaraza.

"Huyo aliyekupangisha, ulimwona kwa macho?"

"Hapana, mama. Kwa simu."

"Mkazungumza Kiswahili."

"Ndiyo, Kiswahili."

Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Mwanangu, Mzungu akija hapa anajua kwamba hajui. Anauliza, anaogopa, anatafuta mtu wa kumshika mkono. Wewe umesikia maneno unayoyajua ukadhani na mtu unamjua. Wageni wa namna yako ndio wanaonipa kazi kubwa."

Nilikasirika. Yule mtu wa simu hakupokea tena simu yangu, si siku ile wala siku nyingine. Familia ile ya kibarazani ilitupa chumba cha uani tukalala siku nne bila kuulizwa tunaondoka lini, na kwa siku nne hizo Bi Dalali alitupitisha mji mzima.

Nyumba ya kwanza niliipenda nilipoiona tu. Ilikuwa imepakwa rangi ya samawati, ina vigae, ina jiko lenye dirisha la kuelekea bahari. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu. Bi Dalali aliingia chumba cha kulala, akazunguka kuta nne akizipapasa kama anayempapasa mtoto mwenye homa, kisha akainama karibu na sakafu na kuulamba ukuta.

Nilidhani nimeona vibaya. Akaulamba tena, mahali pengine.

"Mama, rangi hiyo ni mpya," mwenye nyumba alisema.

"Naiona. Ndiyo inayonitia wasiwasi." Akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Plasta hii ni ya mchanga wa pwani. Ina chumvi. Mvua zikianza kuta hizi zitatoa jasho na ukungu utaota nyuma ya kabati." Akamgeukia mama yangu. "Dada, hapa utakohoa kutoka mfungo mpaka mfungo."

Mwenye nyumba alitaka kubisha, lakini mama alikuwa ameshatoka nje. Njiani nilimlaumu Bi Dalali kimoyomoyo, maana jiko lile lilikuwa zuri mno. Masika yalipokuja nilipita pale kwa makusudi. Rangi ya samawati ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na aliyepanga alikuwa ametoa magodoro yote juani.

Nyumba aliyotupa sisi ilikuwa Magomeni ya hapohapo Bagamoyo, vyumba viwili na ua, bati lisilokuwa na dari kwa upande wa jikoni, rangi ya kijani iliyochoka. Nilimwambia waziwazi kwamba ni mbaya. Akaniambia nikae chini sakafuni, jikoni, nisiseme kitu mpaka aniambie. Nikakaa. Upepo uliingia kutoka uani, ukapita, ukatokea dirisha la mbele. Mama alikuwa amekaa chumba cha pili, na baada ya kama dakika kumi nikagundua kwamba simsikii. Tangu Msata nilikuwa nikiisikia ile filimbi ya kifua chake kila alipovuta pumzi. Sasa palikuwa kimya. Nikaogopa, nikainuka kwenda kumtazama. Alikuwa amesinzia ameegemea ukuta, anapumua kama watu.

Tulikaa nyumba ile miaka tisa.

Ujira wake alikuwa haupokei siku ya kukabidhi funguo, kama wenzake wafanyavyo. Alisema lala kwanza siku saba. Siku ya nane alikuja mwenyewe, akaulizia paka wa jirani, akaulizia bomba, akauliza kama kuna mtu amegonga mlango akidai kwamba nyumba ni yake. Ukiwa na jawabu zuri kwa yote, ndipo alipofungua mkoba. Na wala hakumtoza mtu fedha ya kuonyeshwa nyumba. "Kuonyesha ni kutumia macho," alisema, "na macho ni yako mwenyewe." Mgeni yeyote alimpeleka ofisi ya serikali ya mtaa aandikishwe, mwenyekiti amjue kwa sura, na mwenye nyumba akaandikiana naye mbele ya mashahidi. Mtu aliyekataa kuandika, hata angekuwa na nyumba ya kifalme, Bi Dalali hakumpelekea mteja.

Pamoja na uaminifu wote huo, alikuwa mwongo.

Naliandika hili kwa mapenzi. Kuhusu nyumba hakusema uongo hata kidogo. Kuhusu wapangaji alisema lolote lililomjia. Mwenye nyumba yetu alikuwa mzee mwenye tasbihi, na Bi Dalali aliona kwamba mwanamke mwenye talaka anayefanya kazi hotelini hatakubaliwa upesi. Akamwambia mimi ni mjane. Mimi sikuwa na habari. Juma la pili, nikiwa nachambua mchele, nikaona mzee, wake zake wawili na binti zao wanaingia uani wamevaa kwa heshima, wamebeba sukari na mchele, wamekuja kunipa pole.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," mzee alisema.

Mama yangu akanitazama. "Nani?" akauliza.

"Marehemu," akasema mzee kwa upole, akidhani ajuza amesahau kwa majonzi.

Nilikaa nimeinamisha kichwa nikisomewa fatiha kwa ajili ya mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amenitumia ujumbe kuulizia pasi yake ya nguo. Mama alibana mdomo kwa kanga mpaka mabega yakatetemeka, na wale wake wawili wakamshika mikono kumliwaza. Nilipomkabili Bi Dalali jioni hakuona haya hata kidogo.

"Nyumba nikiisema uongo itakuangukia," alisema. "Wewe nikikusema uongo kimekuangukia nini? Umepata sukari."

Baada ya miezi kadhaa nilimwambia mzee ukweli, kwa sababu nilikuwa siwezi kulala. Akasema aliujua tangu mwezi wa kwanza, maana Bi Dalali mwenyewe alikwenda kumwambia alipoona sasa tumezoeana. Mimi tu ndiye niliyekuwa nimeachwa na ujane wangu.

Kwa kuwa nilijua Kiingereza cha hotelini, nikawa mkalimani wake. Siku zangu za mapumziko aliniita, nami nikaenda, kwanza kwa kulipa fadhila, baadaye kwa sababu nilipenda. Nimemwona akimzuia kijana wa kigeni asichukue nyumba ya kando ya shamba huko Makurunge kwa kuwa aliipenda mno, akamwambia aiache kwanza inyeshewe mvua moja ndipo arudi. Nimemwona akikataa kutazama picha kwenye simu. Mteja alimnyooshea simu yenye picha ishirini, yeye akaisukuma kwa kidole kimoja. "Inanukaje?" akauliza. Madalali wenziwe waliofanya kazi kwa simu aliwaita wapiga picha, na mmoja wao alimwamkia kila asubuhi kwa miaka mingi asipate kwake zaidi ya marahaba.

Kazi yake iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ile ya mume na mke wazee kutoka Ulaya, walimu wastaafu, waliotaka kupanga nyumba ya zamani ya mawe. Mtu mmoja, aliyesema ni nyumba ya marehemu baba yake, alikuwa tayari kuwapa funguo siku hiyohiyo. Bi Dalali akamuuliza, "Baba yenu aliwazaa wangapi?" Yule mtu akasema hilo si la muhimu. Akauliza tena. Watano.

Basi akaanza kuwatafuta wanne. Wawili walikuwa mjini, wakapatikana siku ya kwanza. Mmoja alikuwa Pangani, akaitwa kwa simu na akaja mwisho wa juma. Wa mwisho, dada yao mkubwa, aliolewa Mkange, na habari zake walikuwa hawana uhakika nazo. Wale walimu walichoka kusubiri hotelini kwetu. Mume akaniuliza, mbele ya Bi Dalali, kwa nini huyu mama hafanyi haraka wakati wengine wana nyumba tayari. Sikutafsiri. Bi Dalali hakujua Kiingereza, ila uso wa mtu aliusoma vizuri.

"Mwambie haraka ninayo," akasema. "Nyumba ndiyo yenye ndugu watano."

Tulikwenda Mkange kwa gari la hoteli, Bi Dalali mbele, mimi nyuma na kaka yake yule mama. Tulimkuta anapalilia mihogo. Alipoambiwa tumekuja kumuuliza kuhusu nyumba ya baba yake alisimama na jembe mkononi. Kisha akamwambia kaka yake, "Miaka yote hii mnapangisha. Leo ndiyo mmekumbuka nipo." Kaka mtu akatazama viatu vyake.

Bi Dalali hakuingilia. Alichukua jembe polepole kutoka mkononi mwa yule mama, akaliweka chini, akamkalisha kwenye gogo, akakaa naye. Alimuuliza anataka nini. Tulitegemea atataja fungu la kodi. Alisema kodi wagawane kwa sheria, yeye ana jambo moja tu: kitanda cha samadari cha mama yake, ambacho wote watano walizaliwa juu yake, kisiondolewe mle chumbani.

Niliwaeleza wale walimu tuliporudi. Mke aliuliza kama wanaruhusiwa kukilalia. Nikapeleka swali, likarudi na jawabu kwamba kitanda kimeundwa kilaliwe. Wote watano wakatia sahihi, wengine kwa kidole gumba. Tangu hapo yule mama wa Mkange alikuja mjini mara mbili kwa mwaka na kuku wake, akakaa juu ya kitanda kile na yule mwalimu wa kike, hawana lugha moja ya kuzungumza, wakatengeneza chai wakanywa. Nimeandaa mahamri ya vikao hivyo mara nyingi.

Sitaki mdhani hakukosea. Alimpangisha nesi mmoja kutoka Malawi karibu na jirani ambaye maji yake yalikuwa matamu na maneno yake matamu zaidi, na mwezi wa pili jirani huyo akafunga mashine ya kusaga nafaka ukutani kwa yule nesi. Bi Dalali aliposikia alijiona ameumbuka. Hakuomba radhi kwa mdomo. Kwa siku kumi na moja alikwenda na mkeka wake, akaukunjua kwa yule jirani kando ya mashine, akakaa hapo tangu adhuhuri mpaka alasiri akifunika masikio kwa viganja na kumtazama. Siku ya kumi na mbili mashine ilihamishiwa upande wa barabarani.

Yeye na mama yangu walipendana kwa kugombana. Waligombana juu ya lugha. Mama kwa Kimvita chake alisema "Ndoo hapa," na Bi Dalali akainuka kwenda kuleta ndoo. Mara tatu alimletea ndoo, ya tatu ikiwa na maji, mpaka tukamfafanulia kwamba anaitwa. Akasema sisi watu wa Mombasa tumekiacha Kiswahili nje usiku kikanyeshewa. Mama akamjibu kwamba kilizaliwa kwetu na wao walikikopa. Walikaa uani kila Ijumaa baada ya sala wakiendelea na kesi hiyo juu ya mkate wa sinia, na asiyekuwa na haki alikuwa anaosha vyombo.

Kwake hatukualikwa. Tulijua anakaa mji wa zamani, vyumba vitatu nyuma ya mlango wa nakshi, na kwamba amekaa hapo tangu mumewe hajafa. Mtu anayefungua milango ya watu wote mlango wake tuliuona kwa nje tu. Nilidhani nyumba ni ya kwake mwenyewe. Sote tulidhani hivyo.

Mwaka jana alikosa Ijumaa mbili. Ya tatu mama akachukua bajaji kwenda kumtazama, akarudi na habari ambazo alinieleza huku bado amesimama mlangoni. Bi Dalali alikuwa mpangaji. Alikuwa amepanga nyumba ile kwa miaka thelathini na zaidi, kutoka kwa mzee ambaye walikubaliana naye kwa mdomo, wakashikana mikono, yakaisha. Mzee amefariki. Watoto wake, walioko Maskati, wamekuja kwa adabu zote, wakamwamkia, wakamletea udi, wakamwomba nyumba yao, wanataka kuifanya ya watalii. Wamempa miezi mitatu. Walimuuliza kama kuna karatasi yoyote. Hakukuwa na mstari mmoja.

Nilikwenda kesho yake. Alinifungulia mwenyewe, akanikalisha. Nikasema tu, "Mama, wewe. Uliyetuandikisha sote."

"Nilimwamini," akasema.

"Lakini alikudanganya."

"Hakunidanganya, mwanangu. Amekufa tu."

Hakulia. Kilichomuuma zaidi ya kuhama ilikuwa aibu, kwamba wale wapiga picha watajua. Hakutaka dalali yeyote wa mjini amtafutie. Mwenyewe alijaribu, na kwa mara ya kwanza hakuweza. Aliniambia kila ukuta anaougusa unamwambia kwamba si wa kwake. Mama alisema basi tutoke nje ya mji, huko Bi Dalali asikojulikana. Mtu wa sokoni akatupa namba ya dalali wa Kerege, mwanamke.

Tulikwenda siku ya Jumanne, mimi naendesha gari la hoteli, wao wawili nyuma kimya kama maharusi. Dalali alitungoja barabarani. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, buibui jeusi, raba za michezo, simu mbili. Nilimwona Bi Dalali akizitazama zile simu, nikajua tutarudi nyumbani mapema. Tulikuwa hatujamwambia yeye ni nani. Alikuwa mama mmoja tu anayetaka vyumba viwili.

Nyumba ilikuwa nyuma kidogo ya barabara, ndogo, ya matofali, na mpapai ubavuni. Binti alichomeka ufunguo kitasani, kisha akaugandisha pale, akatugeukia.

"Mama zangu, kabla sijafungua. Masika, maji hujaa hapa tuliposimama, mpaka siku mbili hutoki ila kwa kuvua viatu. Kisima kina chumvi, ni cha kufulia. Na mwenye nyumba ni mtu mwema lakini hukumbusha kodi siku tano kabla, kila mwezi. Mkiona hayo hayafai tuokoe muda, nina nyingine Zinga, nayo ina yake nitawaambia."

Bi Dalali alimsogelea. "Nani kakufundisha kuyasema hayo mlangoni?"

"Hakuna, mama. Mteja wangu wa kwanza sikumwambia. Ni mtu wa hapahapa Kerege. Mpaka leo akiniona anavuka barabara."

"Na wewe?"

"Mimi nami navuka. Tumekuwa tukivuka wote wawili." Akacheka kidogo, kwa fedheha.

Bi Dalali akageuka kwa mama yangu. "Dada, una neno?" Mama akasema hana. Binti akafungua, Bi Dalali akavua kandambili zake, akaingia. Alikaa ndani muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Sijui alitazama nini, hatukumfuata. Alipotoka alisema, "Andika."

Binti alikuwa na mkataba tayari ndani ya bahasha. Tulikwenda mpaka ofisi ya mtaa, akamsomea kifungu kimoja kimoja kwa sauti, akisimama kila anapoulizwa, na Bi Dalali aliuliza sana. Mwenye nyumba akatia sahihi. Mama akatia sahihi kama shahidi, nami baada yake. Kisha karatasi ikasogezwa kwake.

Nilikuwa nimemwona akisimamia mikataba isiyo na idadi, akiwaelekeza watu pa kuandika kwa ncha ya kidole. Leo alishika kalamu mwenyewe. Alivuta pumzi, akainama, akaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, polepole, akirudi kuweka nukta moja baada ya nyingine. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemharakisha.

Binti aliipokea karatasi, akaitazama, akaigeuza kidogo.

"Samahani, mama. Hapa sijui kusoma. Umeandika nini?"

"Jina langu."

"Ni nani?"

Akalitaja. Lilikuwa jina zuri, la kizamani, la mabibi wa pwani. Mama yangu aliniangalia, nami nikamwangalia yeye, na katika zile Ijumaa zote za miaka tisa hatukuwa tumewahi kuliuliza.